Nafasi ya Majaribio ya Kitabibu katika Utambuzi na Matibabu ya Maradhi ya Mdundo wa Moyo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna majaribio ya kitabibu yalivyobadili uelewa wa utambuzi na matibabu ya maradhi ya mdundo wa moyo. Majaribio matano yanajadiliwa: CAST, AFFIRM, EAST-AFNET 4, LOOP na INVICTUS. Hoja kuu ni kwamba kurekebika kwa kipimo si sawa na kuokoka kwa mgonjwa, na kwamba matokeo yaliyopatikana kwa kundi moja la wagonjwa hayawezi kuhamishiwa kundi jingine bila kujaribiwa. Hoja hiyo inawagusa kwa namna ya pekee wagonjwa wa Afrika Mashariki ambao maradhi yao ya mdundo yametokana na homa ya rumatiki.

Maneno makuu: mdundo wa moyo, fibrilesheni, kiharusi, majaribio ya kitabibu, warfarini

1.0 Utangulizi

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kila pigo huanzishwa na mkondo mdogo wa umeme unaotoka katika kifundo cha sainasi, kilichopo kwenye chumba cha juu cha kulia. Mkondo huo husambaa katika vyumba viwili vya juu, hucheleweshwa kidogo katika kifundo cha kati, kisha hushuka hadi vyumba viwili vya chini vinavyosukuma damu kwenda mapafuni na mwilini. Ucheleweshaji huo una kazi maalumu: huvipa vyumba vya juu nafasi ya kumimina damu yake kabla vya chini havijajikaza. Maradhi ya mdundo hutokea pale umeme unapoanzia mahali pasipo pake, unapozuiwa njiani, au unapozunguka katika njia ileile bila kukoma.

Uzito wa maradhi hayo haulingani. Mapigo ya ziada ya hapa na pale huwapata hata watu wenye afya njema, na aghalabu hayahitaji tiba. Fibrilesheni ya vyumba vya chini, kinyume chake, huua kwa dakika chache iwapo hapatatokea mtu wa kukandamiza kifua na mashine ya kushtua moyo. Kati ya ncha hizo mbili ipo fibrilesheni ya vyumba vya juu, ambayo ndiyo inayojadiliwa zaidi katika makala haya. Katika hali hiyo vyumba vya juu hutetemeka ovyo badala ya kujikaza. Damu hutuama, hasa katika kifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka na kufika kwenye ubongo, mgonjwa hupata kiharusi.

2.0 Utambuzi: Kuona Zaidi na Kuponya Zaidi

Msingi wa utambuzi ni elektrokadiogramu, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kugundua utaratibu wa mchoro huo. Katika fibrilesheni ya vyumba vya juu, mchoro huonesha mambo mawili: mawimbi ya vyumba vya juu hutoweka, na nafasi kati ya pigo moja na jingine hukosa mpangilio. Daktari au muuguzi anayeshika mshipa wa mkono wa mgonjwa kwa makini anaweza kushuku ugonjwa kutokana na mapigo yasiyo na mpangilio, lakini mchoro ndio unaothibitisha.

Ugumu ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi huja na kuondoka. Mchoro wa sekunde kumi hauwezi kunasa tukio lililotokea usiku uliopita. Kwa sababu hiyo pametengenezwa vifaa vya kuvaliwa kwa saa 24 au zaidi, na vifaa vidogo vinavyopandikizwa chini ya ngozi ya kifua ambavyo hurekodi mdundo kwa miaka kadhaa.

Ilitarajiwa kwamba kadiri ugonjwa unavyogunduliwa mapema ndivyo viharusi vitakavyopungua. Jaribio la LOOP, lililofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2021, lilipima matarajio hayo. Watu 6,004 wenye umri wa kati ya miaka 70 na 90 waliokuwa na vihatarishi vya kiharusi waligawanywa kwa nasibu: mmoja kati ya kila wanne alipandikizwa kifaa, na waliobaki walipata huduma ya kawaida. Fibrilesheni iligunduliwa kwa asilimia 31.8 ya waliopandikizwa kifaa, ikilinganishwa na asilimia 12.2 ya wenzao. Hata hivyo, kiharusi au bonge la damu katika mishipa ya mwili vilitokea kwa asilimia 4.5 na 5.6 mtawalia, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitisha faida. Ugunduzi uliongezeka karibu mara tatu, lakini kinga haikuongezeka kwa kiwango hicho. Inawezekana kwamba matukio mafupi yanayonaswa na kifaa nyeti hayana hatari sawa na ugonjwa unaojitokeza wazi kwenye mchoro wa kawaida.

3.0 Matibabu ya Mdundo

3.1 Funzo la CAST

Katika miaka ya 1980 ilijulikana kwamba watu walionusurika mshtuko wa moyo, na ambao vyumba vyao vya chini vilitoa mapigo ya ziada kwa wingi, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla. Zilikuwapo dawa zilizoweza kuyazima mapigo hayo. Hitimisho lilionekana kuwa dhahiri: mapigo yakizimwa, vifo vitapungua. Dawa hizo ziliandikwa kwa wagonjwa wengi kwa msingi wa hoja hiyo.

Jaribio la CAST liliundwa Marekani ili kuthibitisha jambo hilo. Lilikuwa na sharti muhimu: kabla ya kuingizwa katika ulinganisho, kila mgonjwa alipewa dawa kwanza ili kuhakikisha kwamba kweli ilizima mapigo yake ya ziada. Wale tu ambao dawa iliwafaa kwa kipimo cha mchoro ndio waliogawanywa kwa nasibu, baadhi wakiendelea na dawa na wengine wakipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Mwaka 1989 sehemu iliyohusu enkainaidi na flekainaidi ilisimamishwa kabla ya wakati. Kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa hizo walifariki 63. Kati ya 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa walifariki 26.

Uzito wa matokeo hayo unatokana na sharti lililotajwa. Waliokufa hawakuwa wagonjwa ambao dawa iliwashinda, bali ni wale ambao mchoro wao ulionesha kwamba dawa inafanya kazi. Dawa zilizozima mapigo madogo ziliweza, katika moyo wenye kovu, kuchochea mdundo hatari zaidi. Bila kundi la kulinganisha, vifo hivyo vingehesabiwa kuwa ni matokeo ya ugonjwa wenyewe, na kila daktari angeamini kwamba alijitahidi kadiri ya uwezo wake.

3.2 Kurudisha Mdundo au Kudhibiti Kasi

Swali la namna hiyo liliulizwa pia kuhusu fibrilesheni ya vyumba vya juu. Je, ni bora kurudisha mdundo wa kawaida, au kuacha fibrilesheni iendelee na kudhibiti kasi ya moyo tu? Jaribio la AFFIRM, lililochapishwa mwaka 2002, lilihusisha wagonjwa 4,060. Waliofariki walikuwa 356 katika kundi la kurudisha mdundo na 310 katika kundi la kudhibiti kasi; faida iliyotarajiwa haikuonekana. Aidha, viharusi vingi katika makundi yote mawili viliwapata wagonjwa walioacha warfarini au ambao kiwango chake katika damu kilikuwa chini. Kurudi kwa mdundo hakukuondoa haja ya dawa ya kuzuia damu kuganda.

Jibu hilo nalo halikuwa la mwisho. Mwaka 2020 jaribio la EAST-AFNET 4 la Ulaya liliwachukua wagonjwa 2,789 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetambuliwa katika kipindi kisichozidi mwaka mmoja. Waliorudishiwa mdundo mapema, kwa dawa au kwa kuchoma chanzo cha umeme kwa kutumia mrija unaopitishwa katika mshipa, walipata matukio mabaya ya moyo na mishipa 249, ikilinganishwa na 316 kwa wenzao. Majaribio haya mawili hayapingani. Yalihusu wagonjwa walio katika hatua tofauti za ugonjwa, yakatumia tiba za nyakati tofauti. Kila moja lilijibu swali lake.

4.0 Kuzuia Kiharusi: Wagonjwa Walioachwa Nje

Kwa miongo mingi warfarini ilikuwa dawa kuu ya kuzuia mabonge. Ni dawa ya bei nafuu lakini yenye masharti. Kiwango chake hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3: kikishuka damu huganda, kikipanda mgonjwa huvuja damu. Mboga za majani zenye vitamini K nyingi, kama mchicha, kisamvu na sukuma wiki, zikiliwa kwa kiasi kinachobadilikabadilika, huweza kukiyumbisha. Vilevile warfarini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito.

Kuanzia mwaka 2009 majaribio makubwa yalionesha kwamba dawa mpya, zikiwamo dabigatrani na rivaroksabani, zinafaa bila kuhitaji INR. Lakini majaribio hayo yaliwahusu zaidi wazee wa miaka 70 na kuendelea, na yaliwaacha nje wagonjwa wenye vali ya mitrali iliyosinyaa kwa kiasi kikubwa. Katika nchi tajiri wagonjwa hao ni wachache. Katika Afrika Mashariki ni wengi: koo lililoambukizwa bakteria utotoni huweza kuleta homa ya rumatiki, homa huharibu vali, na vali iliyosinyaa hutanua chumba cha juu cha kushoto hadi fibrilesheni ianze, mara nyingi kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa na kulea.

Mantiki ilielekeza kwamba dawa isiyohitaji kipimo ingewafaa hao kuliko wote, kwa kuwa wengi huishi mbali na maabara. Jaribio la INVICTUS, lililofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, lililinganisha rivaroksabani na warfarini au dawa za jamii yake kwa wagonjwa 4,531. Wastani wa umri ulikuwa miaka 50.5, na asilimia 72.3 walikuwa wanawake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kiharusi, bonge la damu, mshtuko wa moyo au kifo vilitokea kwa wagonjwa 560 kati ya 2,275 waliotumia rivaroksabani, na kwa 446 kati ya 2,256 wa kundi la warfarini. Waliotumia warfarini waliishi muda mrefu zaidi, bila ongezeko la maana la uvujaji mkubwa wa damu.

Warfarini ilishinda ingawa haikusimamiwa kwa ukamilifu. Jaribio lilipoanza, takriban theluthi moja tu ya wagonjwa wa kundi hilo walikuwa na INR inayotakiwa. Baadaye kiwango kilikuwa kati ya asilimia 56.1 na 65.3. Sababu kamili ya tofauti ya vifo bado inajadiliwa, lakini uamuzi wa kitabibu uko wazi: kwa mgonjwa wa fibrilesheni mwenye vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, dawa ya zamani ndiyo yenye ushahidi.

5.0 Hitimisho

Majaribio yaliyojadiliwa yanaonesha kwamba hoja iliyo sahihi kifiziolojia inaweza kukosea inapofika kitandani mwa mgonjwa. Kuzima mapigo ya ziada hakukuzuia vifo, kugundua ugonjwa zaidi hakukuthibitika kupunguza viharusi, na dawa iliyowafaa wazee wa nchi tajiri haikuwafaa wanawake wenye vali zilizosinyaa. Kwa Afrika Mashariki matokeo ya INVICTUS yana wajibu ndani yake. Ikiwa warfarini ndiyo inayorefusha maisha ya wagonjwa hao, kipimo cha INR hakina budi kupatikana katika zahanati na vituo vya afya vilivyo karibu nao, pamoja na ushauri wa lishe na wa uzazi. Mgonjwa anayesafiri siku nzima kufuata kipimo kimoja hatakifuata kila mwezi, na dawa iliyothibitishwa haitamsaidia.