Kilembwe: Kabla ya kuuza saa ya marehemu mzee, angalia kwanza mgongo wake

KILEMBWE, Fizi – Katika milima ya sekta ya Lulenge, watu wanajua namna ya kupima thamani ya kitu. Mchimbaji anashuka na vumbi lake la dhahabu, mzani unawekwa mezani, bei inasemwa, na mambo yamekwisha. Dhahabu ya jana na dhahabu ya leo ni dhahabu moja. Haulizwi aliyeivaa, wala mwaka gani.

Lakini kuna kitu kidogo cha chuma ambacho mzani huo hauwezi kukipima. Ni saa ya mkono ya zamani, yenye vifungo viwili pembeni, ambayo familia nyingi za Kongo zimeiacha ndani ya sanduku tangu wakati wa Zaire. Kijana anayetazama saa kwenye simu yake anaiona kama takataka. Fundi akipewa, mara nyingi anaitaka kwa ajili ya vipuri tu. Wakati huohuo, huko Japani, Ulaya na Marekani, kuna watu wanaozitafuta saa hizo usiku na mchana.

Saa hiyo inaitwa kronografu. Maana yake ni saa ya kawaida iliyo na kipima muda ndani yake. Ukibonyeza kifungo cha juu, mshale mrefu wa sekunde unaanza kukimbia. Ukibonyeza tena, unasimama. Ukibonyeza cha chini, unarudi kwenye sifuri. Refa anaweza kuitumia uwanjani, muuguzi anaweza kuhesabia mapigo ya moyo, na dereva anaweza kujua mwendo wake: akimaliza kilometa moja kwa sekunde 45, anakwenda kilometa 80 kwa saa. Namba za mwendo zilizoandikwa kwenye duara la nje kwa kawaida zinaishia 60, kwa hiyo kwenye barabara ya Fizi kwenda Kilembwe wakati wa mvua, hazina kazi kubwa.

Mwaka wa mashindano

Mwaka 1969 ulikuwa mwaka wa vita vya kimya kati ya watengenezaji wa saa. Kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kutengeneza kronografu inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, bila kuzungushwa kila asubuhi. Mwezi Januari, kampuni ya Zenith ya Uswisi ilitangaza ya kwake. Mwezi Machi, kundi la Heuer, Breitling na Hamilton-Buren likafanya mkutano mkubwa na waandishi wa habari. Seiko ya Japani haikupiga kelele. Mwezi Mei mwaka huohuo, saa zake za namba 6139 zilikuwa tayari zinauzwa madukani Japani.

Waswisi walichukua sifa, na Seiko ikachukua wateja wa kawaida. Saa yake haikuwa ya matajiri. Ilitengenezwa kwa wingi katika miaka ya 1970, ikavaliwa na walimu, madereva, askari na wafanyabiashara katika nchi nyingi. Na hiyo ndiyo sababu ilidharauliwa kwa muda mrefu: kitu kilicho mkononi mwa kila mtu, nani atakiita hazina?

Saa iliyopanda angani kwa siri

Mtu mmoja alibadilisha habari hiyo, ingawa ilichukua miaka mingi kujulikana. Kanali William Pogue wa Marekani alikuwa mwanaanga. Saa iliyopitishwa rasmi na NASA kwa kazi hiyo ilikuwa Omega Speedmaster ya Uswisi, ileile iliyofika mwezini mwaka 1969. Lakini Pogue alikuwa amefanya mazoezi yake na Seiko ya uso wa njano aliyojinunulia mwenyewe kwa dola 71, na alikuwa ameizoea.

Tarehe 16 Novemba 1973, aliporuka kwenda kwenye kituo cha Skylab, aliiweka mfukoni mwa nguo yake bila ruhusa rasmi. Alikaa angani siku 84, na saa hiyo ikafanya kazi pamoja naye. Baadaye ikatambuliwa kuwa kronografu ya kwanza inayojijaza yenyewe kufika angani. Mwaka 2008 iliuzwa kwa mnada kwa dola 5,975. Wakusanyaji wanaiita saa ya njano ya aina hiyo kwa jina la Pogue.

Inaonekana imekufa, kumbe inaishi

Kuna sababu nyingine iliyofanya saa hizi zitupwe, na hii ndiyo inayogusa familia za Kilembwe, Baraka na Fizi moja kwa moja. Seiko 6139 haina mshale mdogo wa sekunde unaotembea wakati wote. Mshale wake wa sekunde ni ule mrefu wa kipima muda, nao unasimama kimya mpaka kifungo kibonyezwe. Mtu anayeichukua sandukuni anaona mshale haujongei, anasema: hii imekufa.

Halafu anajaribu kuijaza. Anazungusha kifundo cha pembeni kama alivyozoea kwa saa nyingine, na haisikii spring. Kumbe saa hii haijazwi kwa vidole. Katika aina kama ile ya Pogue, kifundo hicho kikizungushwa kinageuza duara la ndani tu. Inajazwa kwa kutikiswa au kuvaliwa. Basi anaongeza: hata spring imekatika. Kwa makosa hayo mawili, saa nzima inaweza kuuzwa kwa bei ya chuma.

Kabla ya kukata tamaa, wajuzi wanashauri jambo jepesi: itikise polepole kwa upande kwa nusu dakika, isogeze karibu na sikio, kisha bonyeza kifungo cha juu. Mshale ukianza kukimbia, moyo wa saa bado unapiga. Ikiwa kimya, huenda mafuta ya ndani yamekauka tu, na hiyo ni kazi ya fundi anayejua kuisafisha.

Mgongo wa saa unasema umri

Hati ya kuzaliwa ya saa hii imeandikwa nyuma. Namba ya kwanza, yenye tarakimu nne, kistari na tarakimu nyingine, inaonyesha aina yake, kwa mfano 6139-6005. Namba ya pili ni ya saa yenyewe. Tarakimu yake ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Kwa saa za miaka ya 1970, namba inayoanza na 46 inasema kwamba saa ilitengenezwa Juni 1974. Ni mwezi uleule ambao Leopards wa Zaire walikuwa Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia.

Wakusanyaji wanalipa kwa kitu ambacho hakijaguswa. Uso wa saa uliofifia lakini wa asili una thamani kuliko uso mpya unaong'aa uliowekwa juzi. Kwa hiyo kosa kubwa ni kuipendezesha kabla ya kuiuza: kupiga msasa mpaka kona za chuma ziyeyuke, kupaka rangi, kubadilisha mishale, au kufungua mgongo kwa kisu. Kama fundi amebadilisha kipande, kile cha zamani kisitupwe. Kifungwe kwenye kitambaa na kubaki pamoja na saa.

Ni vema pia kuwa na akili ya kiasi. Mwaka 2017, huko New York, Rolex Daytona ya mchezaji filamu Paul Newman iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 17. Saa za uso wa aina hiyo zamani zilikuwa hazipendwi na wanunuzi madukani. Lakini bei ile ilikuwa ya jina la Newman. Seiko 6139 ya kawaida, ikiwa nzima na ya asili, mara nyingi inauzwa kwa mamia ya dola, si maelfu. Hata hivyo, kwa familia yenye mtoto wa kulipia shule, mamia ya dola si sawa na bei ya chuma.

Kilichovuka ziwa

Kuna hesabu nyingine ambayo haiingii kwenye mnada. Tangu mwaka 1996, familia nyingi za Fizi zilivuka Ziwa Tanganyika na kufika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Mtu anayekimbia risasi hachukui kabati wala kitanda. Anachukua watoto, sufuria, na kile kinachoweza kuingia mfukoni. Saa ya mkono inaingia mfukoni. Ndiyo maana, katika nyumba nyingine, saa ya mzee ndiyo kitu pekee chake kilichobaki, wakati picha na karatasi zilipotea zote.

Hakuna anayeweza kuiambia familia iuze au iache kuuza. Njaa haina kumbukumbu, na mgonjwa hasubiri. Lakini anayeuza ajue anauza nini: aangalie mgongo, asome namba, abonyeze kifungo, aulize bei kwa zaidi ya mtu mmoja. Na aandike kwenye karatasi jina la aliyeivaa, kazi yake na mwaka alioinunua.

Dhahabu ya Kilembwe ikiingia motoni inatoka bado dhahabu. Saa ya mzee ikivunjwa kwa vipuri, hakuna fundi wa kuirudisha.