Si walisema polio imekwisha? Juu ya nini wachanjaji wanarudi

Kule Kadutu ao Bagira, mama akiona wachanjaji wanagonga tena mulango, swali ni hilo hilo: si walisema polio imekwisha?

Ni swali la haki. Polio ya asili ilionekana Kongo mara ya mwisho mu 2011, na tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya OMS ikatangazwa kwamba imeimaliza. Mu kazi hiyo, pembeni ya serikali, OMS na UNICEF, kuko Rotary, kundi la watu wa kujitolea lenye kuwa pia hapa Bukavu. Wengi wanaijua jina tu. Si chama cha siasa wala kanisa. Wanamemba ni watu wenye kazi zao na wanatoa mchango kwa mfuko wao. Tangu 1985 Rotary inachanga feza kwa ajili ya chanjo ya polio.

Sasa, juu ya nini tena? Matone yako na virusi vilivyopunguzwa nguvu, na mutoto anavitoa mu choo. Fasi watoto wengi hawajachanjwa na maji ni machafu, virusi hivyo vinapita kwa mutoto mmoja hadi mwengine, vinabadilika, mwisho vinaweza kulemaza. Mu mwezi wa tatu 2023 walitangaza watoto sita wa Tanganyika na Kivu ya Kusini waliopatwa hivyo. Kwa hiyo mwenye kuficha mutoto ndiye anafungulia ugonjwa huo njia.

Polio haina dawa ya kuiponya. Matone ni ya bure, na mutoto wa chini ya miaka mitano anayapata kila kampeni, hata kama alipata mwaka uliopita.