Dola 450, miezi 17: namna nililimbika feza ya kwenda kuona Mosi-oa-Tunya

Wenzangu, tangu nirudi, wafinalisti wa UNILU wananiuliza neno moja tu: "Yaya, makuta ulitosha wapi?" Wengine wanafikiri kuko mjomba Ulaya. Hakuna mjomba. Niko na diploma yangu, nafundisha watoto wa watu nyumbani kwao jioni, na wakati wa TFC nasahihisha na kupanga kazi za wanafunzi. Mwezi mmoja feza inaingia, mwezi mwingine ni kimya. Ninaandika hapa namna ilivyofanyika, juu kwenye masomo tulifundishwa macroéconomie miaka mitatu, lakini hakuna mwalimu aliyetuonyesha namna mtu wa franka 1,000 kwa siku anafika mahali.

Kwanza safari yenyewe. Nilichagua maporomoko ya Zambezi, yale ambayo Livingstone aliyaona Novemba 1855 akayapa jina la malkia wake, wakati wenyeji walikuwa nayo jina lao tayari: Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Mtu wa Kiswahili anasikia "moshi" pale ndani bila mkalimani. Upana ni mita 1,708, urefu mita 108. Sikuchagua Dubai wala Paris, na siyo juu ya unyenyekevu. Kutoka Lubumbashi mpaka mji wa Livingstone unavuka mpaka mmoja tu, Kasumbalesa, na barabara yote ni karibu kilomita 1,000: Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Kabwe, Lusaka, halafu unashuka kusini. Hakuna ndege. Ndoto ambayo unaweza kuifikia kwa basi, unaweza pia kuihesabu kwa franka. Ile ya ndege mara nyingi inabaki picha kwenye simu.

Nilipomwambia mama, alicheka mpaka akaweka sufuria chini. "Weye unalipa makuta juu ya kuangaria mayi, na ku robine yetu mayi haitoke?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina jibu zuri.

Kabla ya kuweka franka ya kwanza nilikaa na daftari wiki mbili. Niliuliza watu wanaopanda na kushuka na biashara, wale wanaoleta vitu vya Zambia. Pasipoti nilikuwa nayo, kaka yangu alinisaidia zamani. Asiye nayo aihesabu mbele ya yote, juu kwa miaka mingi ilikuwa dola 185 kabla bei kushuka, na inaweza kula sehemu ya mradi. Kuko karti ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, watu wanaisahau kabisa. Kuko basi za kwenda na kurudi. Kuko usiku wa Lusaka ambao hauko kwenye ndoto ya mtu: tangu mwisho wa 2016 Zambia ilikataza mabasi ya abiria kutembea kati ya saa tatu ya usiku na saa kumi na moja ya asubuhi, kwa hiyo ukichelewa mpakani unalala njiani, na kulala ni feza. Halafu kitanda Livingstone, chakula, kiingilio cha bustani ya maporomoko, na fungu la hatari. Jumla ikatoka dola 450, hatari ndani. Ile hesabu iliniogopesha, lakini ilinisaidia pia. "Nataka kusafiri" haina mwisho. Dola 450 iko na mwisho.

Sasa mahali pa kuiweka. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, juu nafikiri watu wanakosea sababu. Wanasema: "Mushahara ni mdogo, ndiyo maana siwezi." Mimi nimeona feza ndogo haipotei juu ni ndogo. Inapotea juu haina jina na kila mtu, kuanzia wewe mwenyewe, anajua inalala wapi. Feza ya mfukoni ni ya kila mtu: ya mdogo wako, ya mwenye depo, ya rafiki aliye na betri ya simu iliyokufa. Kwa hiyo kila njia niliyotumia niliipima kwa swali moja: nikija kuomba hii feza kabla ya siku yake, nani ataniambia hapana?

Ya kwanza ni karti. Kinshasa wanaiita bwakisa carte, kwetu ni karti tu. Mama ao kijana anapita kila siku sokoni na kwenye kartie, unampa kiasi kile kile, anaweka alama kwenye kisanduku. Visanduku ni 31. Mwisho wa mwezi anakurudishia vyote isipokuwa kimoja, kile ni chake. Mimi nilitoa franka 1,000 kila siku, napata 30,000. Mtu wa uchumi atasema ni upumbavu: benki inatakiwa kukulipa riba, na hapa wewe unamlipa mtu zaidi ya asilimia 3 kila mwezi ili akuchungie feza yako. Ni kweli. Lakini angalia unachonunua. Unanunua miguu yake, anakuja mpaka mlangoni. Unanunua haya yako pia, juu anajua siku uliyokosa na anakuangalia usoni. Akaunti ya benki kwa mtu wa franka 1,000 ina makato ya kila mwezi, na haiji kukubishia mlango. Mimi nililipa ile siku moja bila kulia. Hatari yake ni ingine: mwenye karti akikimbia, hakuna ofisi ya kwenda. Kwa hiyo chukua mtu ambaye nyumba yake unaijua na watoto wake unawajua, na kila mwisho wa mwezi toa zote. Usiache miezi mitatu irundikane kwake.

Ya pili ni likelemba. Tulikuwa kumi, dola 20 kila mwezi, na kila mwezi mmoja anakula 200. Wengi wanapigania zamu ya kwanza. Tazama vizuri: aliye wa kwanza amepewa mkopo bila riba, aliye wa mwisho amefanya akiba. Ni chombo kimoja, kazi mbili. Kwa biashara omba ya mbele. Kwa safari omba ya nyuma, karibu na tarehe ya kuondoka, ili feza isikae mkononi mwako miezi sita ikiangaliana na matatizo. Lakini wa mwisho kabisa ndiye anabeba hatari yote, juu waliokwisha kula wanaweza kuchoka kutoa. Mimi niliomba ya tisa. Tulianza Juni 2024, zamu yangu ikaangukia Februari 2025. Na tulichagua watu wa mushahara ama wa biashara inayojulikana. Hapa niko mkali: rafiki mzuri siyo lazima awe mtu mzuri wa likelemba.

Wenzetu wa Kivu wako na AVEC, na mimi ninawaonea wivu. Ile namna ilianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, ikatembea Afrika mzima: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, kila mtu ananunua hisa zake kwenye kikao, na mwisho wa mzunguko, karibu mwaka mmoja, mnagawana. Kufuli tatu ni jibu safi kwa lile swali langu la nani atasema hapana. Kama kwenu iko, panga tarehe ya safari ifuate tarehe ya mgawanyo.

Simu? M-Pesa, Airtel Money, Orange Money ni nzuri kwa kupitisha feza, na unaweza kuweka franka mbali na dola. Kwa kulimbika, mimi sikuzipenda. Simu iko mkononi saa 24, na wewe mwenyewe ndiye unajua kodi. Nani atakukatalia?

Na kuko njia ambayo sikuigusa: ile ya "weka 50 leo, utapata 150 kwa mwezi". Wazazi wetu wanakumbuka Bindo, iliyoangusha watu wengi Kinshasa mwaka 1991. Leo inakuja na jina la Kiingereza na kikundi cha WhatsApp. Feza ya safari haina haraka ya kuzaa.

Franka ao dola? Swali hili kwetu siyo la vitabu. Mwanzo wa 2016 dola ilikuwa karibu franka 930, mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Mtu aliyelimbika franka chini ya godoro miaka ile miwili alishuka bila kuibiwa. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, franka zangu 30,000 za karti zilienda moja kwa moja kwa kambisti, zikatoka dola kumi na kitu. Lakini usifanye dola kuwa dini: mwishoni mwa 2025 franka ilipata nguvu, na aliyekuwa na dola huku matumizi yake ni ya franka aliumia kidogo. Kanuni yangu ni fupi, weka akiba kwa feza utakayotumia kule. Mimi kule nilihitaji kwacha, na dola ndiyo inabadilishwa vizuri. Na unapopokea dola, igeuze mbele na nyuma, angalia kona zote. Tunajua nchi yetu: note ikipasuka kama jino la panya, imekuwa karatasi. Nilikataa note mbili za kambisti, akanuna, nikamwacha anune.

Likelemba 200, karti 150 kwa miezi 15, na dola 100 za TFC. Ingekuwa 450 tayari mwezi wa nne 2025.

Sasa familia, juu bila hiyo makala hii ingekuwa ya uongo. Msomi kwetu ni benki ya ukoo. Ukisema "sina" na wanajua uko nayo, umeharibu jina lako. Ukisema "ndiyo" kila siku, hutafika hata Kasumbalesa. Kitu kilichonisaidia: tangu mwezi wa kwanza niliandika fungu la familia mbele ya fungu la safari. Dogo, lakini kila mwezi, na nilimpa mama mwenyewe mkononi, yeye ndiye anagawa. Watu walianza kumwendea yeye. Na mama anajua kusema hapana kuliko mimi.

Lakini fungu dogo haliwezi kila kitu. Wiki ile ile niliyokula likelemba, Februari 2025, mdogo wangu alikuwa mwaka wa sita na feza za examen d'État zilikuwa zinaitishwa, pamoja na minervali iliyobaki. Baba hakuwa nayo. Hakuniomba hata, alizungumza tu juu ya mambo mengine jioni nzima, na mimi nikaelewa. Nilitoa dola 90. Mtoto hawezi kukosa mtihani wa taifa juu dada yake anataka kuona maji. Wengine kati yenu mtasema nidhamu ni kutokugusa. Mimi sikubali. Nidhamu ilikuwa kuandika siku ile ile kwenye daftari: safari haikufa, imesogea. 90 gawanya kwa 30 kwa mwezi, ni miezi mitatu. Kwa TFC za mwisho wa mwaka, ikawa miwili na nusu. Tarehe mpya, katikati ya Juni.

Na kusogea hakukuharibu, juu nilikuwa nimejifunza ginsi mto unavyotembea. Maji mengi kabisa ni karibu na mwezi wa nne, lakini wakati ule moshi unakuwa mzito, unalowa mpaka mifupa na mara nyingi huoni ukuta wenyewe. Juni maji bado ni mengi na moshi umepungua, unaona. Mtu asipange Oktoba ao Novemba kama anatokea upande wa Zambia, sehemu kubwa ya mwamba inabaki kavu. Ukitaka upinde wa mvua wa usiku, ule wa mwezi, tafuta siku za mwezi mpevu, na ujulishe daftari lako, juu itabadilisha tarehe yote ya likelemba.

Njiani: fika Kasumbalesa asubuhi mapema. Foleni ya malori ya shaba ni ndefu, lakini wewe uko kwa miguu, haikuhusu sana. Usibadilishe feza zote pale, badilisha ya basi na chakula tu, na hesabu kwacha mwenyewe mbele ya aliyekupa. Kibemba chetu kidogo cha Lubumbashi kinafanya kazi mpaka Copperbelt; kusini ya Lusaka kinachoka. Beba mikate na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani, hakuna haya. Kwenye daraja dogo la miguu linaloitwa Knife-Edge, funga simu na pasipoti ndani ya mfuko wa plastiki, hata Juni.

Nilirudi na dola 31 za fungu la hatari ambazo hazikuguswa. 20 niliziweka kwenye likelemba mpya. Tuko tisa, tunatafuta wa kumi, mtu wa kutoa kwa wakati. Zamu ya kwanza imekwisha kuchukuliwa.