Ngozi Nyeusi, Jicho la Ualbino

Ukitaja ualbino popote Afrika Mashariki, msikilizaji hufikiria ngozi nyeupe, nywele za rangi ya dhahabu, kofia pana na mafuta ya kukinga jua. Ana sababu zake. Nchini Tanzania, ambako inakadiriwa kuwa mtoto mmoja katika kila 1,400 huzaliwa na ualbino, ngozi ndiyo inayoonekana kwanza, na ndiyo inayoshambuliwa na saratani. Hata hivyo, ipo aina ya ualbino ambayo karibu haigusi ngozi kabisa. Mvulana anaweza kuwa mweusi kama ndugu zake, akawa na nywele nyeusi na macho ya kahawia, na bado akawa nayo. Huitwa ualbino wa macho, na chanzo chake kikuu ni hitilafu katika jeni moja iitwayo GPR143. Nadiriki kusema kwamba jeni hii inatudai tubadili mazoea yetu: ualbino tuutafute kwanza jichoni, kwenye ngozi baadaye.

Madaktari waliujua ugonjwa huu zamani kabla ya kuijua jeni yenyewe. Mwingereza Edward Nettleship aliueleza mwaka 1909, na Mmarekani Harold Falls akaonyesha mwaka 1951 jinsi unavyorithiwa katika familia. Jeni ilipatikana mwaka 1995, kwenye ncha ya mkono mfupi wa kromosomu X. Kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza protini yenye amino asidi 404, ambayo hupita na kurudi mara 7 katika utando wa seli. Umbo hilo ni la ukoo mkubwa wa protini ziitwazo vipokezi, ambazo hunasa ujumbe wa kikemikali na kuufikisha ndani ya seli. Vipokezi vingi vya ukoo huu hukaa kwenye utando wa nje, mithili ya bawabu langoni. Hiki cha GPR143 kimehamia ghalani: hukaa zaidi ndani ya seli, kwenye vifuko vidogo vinavyotengeneza na kuhifadhi melanini, yaani ile rangi inayotia weusi ngozi, nywele na macho.

Hapo msomaji makini atauliza: ikiwa mgonjwa ana melanini ya kutosha kwenye ngozi, kwa nini tuseme ana ualbino? Jibu limo katika kazi ya kipokezi hicho. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba hunasa dopa, kemikali inayopatikana njiani wakati seli inapotengeneza melanini. Kwa hiyo inaelekea kwamba kupitia kipokezi hiki seli hupata habari za utengenezaji wa rangi na kurekebisha mwenendo wake. Kikiharibika, rangi huendelea kutengenezwa, lakini mpango huvurugika: chini ya hadubini vifuko huonekana vichache kuliko kawaida, na baadhi yake vimevimba kupita kiasi. Ngozi huvumilia vurugu hiyo. Jicho linalokua tumboni mwa mama halivumilii. Kile kishimo kidogo katikati ya retina, kinachotuwezesha kusoma na kutambua sura, hakikamiliki, na nyuzi nyingi mno za neva ya jicho huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Kasoro hizo mbili ndizo zilezile anazokuwa nazo mtu mwenye ualbino wa ngozi na macho, ingawa jeni yake iliyoharibika ni nyingine kabisa. Ngozi zao hazifanani. Macho yao yana jeraha moja.

Dalili huanza mapema. Katika miezi mitatu ya kwanza mzazi huona macho ya mtoto yakichezacheza, yakienda huku na huku bila kutulia. Mwanga mkali humsumbua, na huenda akawa na makengeza. Akikua, huwa amekwisha kujigundulia pembe ambayo macho yake hutulia kidogo, naye hugeuza shingo ili aitumie pembe hiyo anapotazama ubao. Mwalimu anayemkemea akae sawa anamnyima ile nafasi moja anayoonea vizuri. Kwa walioathirika zaidi, herufi ambayo mwenzake huisoma akiwa mita 60, yeye hulazimika kuisogelea hadi mita 6. Kwa kuwa ngozi yake haina tofauti, hakuna anayemwonea huruma. Huambiwa mvivu au mzito wa kuelewa.

Yuko pia mama, ambaye kwa kawaida ndiye hubebeshwa lawama. Ni kweli kwamba hitilafu hupitia kwake mara nyingi. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, hivyo nakala yake ikiwa na kasoro hana akiba. Mwanamke anazo mbili, na katika kila seli moja hunyamazishwa. Ndiyo maana daktari akimulika nyuma ya jicho la mama mwenye nakala moja mbovu, mara nyingi huona mabaka ya rangi na yasiyo na rangi yaliyochanganyika, ilhali mama mwenyewe huona vizuri. Kila mwana wa kiume atakayemzaa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuathirika. Hakuna alichokula, alichokitazama wala alichokosea katika ujauzito kilichosababisha hali hiyo.

Wapo watakaosema huu ni ugonjwa adimu, na hospitali zetu zina malaria na ukosefu wa dawa wa kushughulikia kwanza. Ni adimu kweli: nchini Denmark ilikadiriwa kwamba mtoto mmoja tu katika kila vizazi hai 60,000 huzaliwa na ualbino wa macho. Lakini kinachoombwa hapa hakina gharama ya kutisha. Ni kumulika macho ya kila mtoto ambaye macho yake yanachezacheza, hata akiwa mweusi tititi. Wengine watauliza faida ya kujua, ilhali tiba haipo. Ni kweli haipo. Hata levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson ambayo ndiyo dopa hiyohiyo, ilipojaribiwa kwa watu wenye ualbino, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuonyesha kwamba uoni wao uliboreka. Ila miwani ipo, kioo cha kukuzia maandishi kipo, kiti cha mbele kipo, na kofia ya kuzuia mwanga ipo. Isitoshe, uoni wa mtoto huyu kwa kawaida haudidimii kadiri miaka inavyokwenda, na habari hiyo peke yake huwaokoa wazazi na hofu ya upofu na safari za kwa waganga. Mzazi, ukiona macho ya mwanao hayatulii, usisubiri ngozi yake ikwambie lolote: mpeleke kwa daktari wa macho.