Kuchunga kwa Chakula na Malazi: Ni Kujitolea au ni Ijara?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Katika bonde la Kilombero, kutoka Ifakara kuelekea Mbingu na Mlimba, chini ya milima ya Udzungwa, riziki ya watu wengi ni mpunga na mifugo. Msimu ukifika, familia nyingi huhamia mashambani, zikalala huko huko, zikapalilia na kuamia ndege hadi mavuno. Mwenye shamba kubwa, au mwenye kondoo, mbuzi na ng'ombe, mikono ya nyumba yake haimtoshi. Hapo humchukua kijana wa kuchunga au kupalilia kwa neno moja tu: "Utakula na kulala kwetu." Wengine huita jambo hilo kujitolea, wengine msaada, wengine malezi. Ugomvi huzuka siku ya kuondoka. Kijana hudai haki yake, na mwenye mali humjibu kuwa alikuja mwenyewe, akala na akalala. Kisha wote wawili huenda kwa imamu.

Jambo hili si la bonde hili peke yake. Huko Uingereza, mwaka 1971, Sue Coppard alianzisha utaratibu wa watu wa mjini kwenda kusaidia kazi mashambani na kupewa chakula na malazi; leo utaratibu huo, uitwao WWOOF, umeenea nchi nyingi. Hapa kwetu, baada ya amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa Zanzibar, wengi waliokuwa watumwa walibaki katika mashamba ya mikarafuu, wakaruhusiwa kujenga na kupanda chakula chao kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunahitaji kujua Sharia inasema nini juu ya kazi ambayo malipo yake ni tumbo na paa.

ASILI YA MAS-ALA HAYA

Asili iliyo wazi zaidi ni kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas (28:22-28). Musa alifika Madyan, nchi iliyo karibu na Ghuba ya Aqaba, hali ya kuwa mkimbizi asiye na kitu. Akawanyweshea mabinti wawili wanyama wao bila ya kutaka malipo. Kisha baba yao akamwita ili amlipe kwa kazi ile, na baadaye akaafikiana naye amtumikie miaka minane, utumishi huo ukiwa ndio mahari ya kumuoa mmoja wa mabinti wale. Na akitimiza kumi, hiyo ni hiari yake.

Tuzingatie mafunzo yaliyomo. Kwanza, muda ulitajwa: miaka minane. Pili, kilicho wajibu kilitenganishwa na kilicho hiari: minane ni mkataba, miwili ni kujitolea. Tatu, mzee yule hakusema kuwa kwa kumpa mgeni hifadhi basi amekwisha kummiliki. Alisema hataki kumtia katika uzito. Nne, kule kunywesha wanyama Musa alikufanya kwa hiari, na juu ya hivyo mzee aliona ni haki yake kulipwa. Na Imamu Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa Musa alitimiza ule muda mrefu zaidi.

Vile vile Mtume wetu (S.A.W.) alieleza kuwa hakuna Nabii ila alichunga kondoo na mbuzi, na kwamba yeye aliwachungia watu wa Makka kwa malipo ya qararit. Imepokewa na Bukhari. Kwa hiyo kuchunga si kazi ya kudharauliwa, na malipo yake si sadaka ya tajiri.

KAULI ZA WANAZUONI

Je, inafaa ujira kuwa chakula na malazi tu, bila ya kutajwa kiasi? Wanazuoni wamekhitalifiana.

Imamu Malik ameijuzisha, na ndiyo riwaya mashuhuri kwa Imamu Ahmad. Kiasi kitarejeshwa kwenye ada ya watu wa mahali pale. Miongoni mwa dalili zao ni aliyoyasimulia Abu Hurayra (r.a.), kama alivyopokea Ibn Majah, kuwa alikuwa mtumishi wa Bint Ghazwan kwa chakula cha tumbo lake na zamu ya kupanda mnyama, akiwatafutia kuni wanaposhuka na kuwaimbia ngamia wanaposafiri. Ama hadithi isemayo kuwa Musa alijiajiri kwa chakula cha tumbo lake, nayo ameipokea Ibn Majah, lakini isnadi yake ni dhaifu.

Imamu Abu Hanifa ameikataza, isipokuwa kwa mwanamke aliyeajiriwa kunyonyesha. Ama Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani yetu na bara yake, kwake ujira ni lazima ujulikane. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa haisihi kukodisha kitu kwa malipo ya matengenezo yake au malisho yake, wala kumwajiri mtu achune mnyama kwa ngozi yake, au asage kwa sehemu ya unga utakaopatikana. Kwa kipimo hicho, kumwajiri mtu akoboe mpunga kwa sehemu ya mchele utakaotoka, au achunge kwa ndama ambaye hajazaliwa, haisihi. Chakula kisichotajwa aina wala kiasi kinaingia humo humo, kwa sababu ya kutojulikana.

Lakini msomaji asidhani kuwa kauli hii inampunguzia kijana haki yake. Kinyume chake! Katika madhehebu ya Shafi, ijara ikifisidika na kazi ikawa imekwisha kufanywa, mwajiri hulazimika kutoa ujratul-mithl, yaani ujira wanaolipwa watu wa kazi kama ile mahali pale. Kwa hiyo mwenye kondoo wa Mbingu hawezi kusema: "Mkataba wetu ulikuwa batili, basi hudai kitu." Kubatilika kwa mkataba ndiko kunakomlazimisha kulipa kwa kiwango cha soko.

AKINYAMAZA, ANADAI?

Hapa ndipo penye kiini cha magomvi mengi. Mtu amefanya kazi, wala hapakutajwa ujira. Minhaj imetaja mfano wa aliyempa fundi nguo aishone bila ya kutaja malipo. Kauli yenye nguvu ni kuwa fundi hana ujira. Kauli nyingine ni kuwa anao. Na kauli ya tatu ni kuwa akijulikana kwa kazi ile anao, vinginevyo hana. Nawawi ametaja kuwa kauli hii ya tatu huenda ikaonekana kuwa ni nzuri. Ama akiambiwa neno lenye kuashiria malipo, mfano "nitakuridhisha" au "hutapoteza", hapo anastahiki ujratul-mithl.

Kwa hiyo imamu anayeletewa kesi asiulize tu kama pesa ilitajwa. Aulize: Kijana aliambiwa maneno gani? Je, ni mchungaji anayejulikana kwa kazi hiyo? Je, ada ya pale ni kulipa?

MTOTO NA MWANAFUNZI

Yote tuliyotaja ni kwa baligh mwenye akili. Ama mtoto, kujitolea kwake hakusihi, kwani hana ruhusa ya kutoa mali yake wala manufaa yenye thamani. Wala walii hana ruhusa ya kuyatoa bure kwa niaba yake. Anayemtumikisha mtoto wa watu kazi yenye malipo bila ya idhini ya walii wake, ujira unabaki katika dhima yake hata kama mtoto alikuwa akicheka na kufurahi. Hazimo humo huduma ndogo ndogo za kawaida, wala zile za kumfunza adabu na kazi.

Walimu wa madrasa tuzingatie hili tunapowapeleka wanafunzi shambani. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu utotoni, lakini alipelekwa na wakubwa wake, na mwenyewe akashuhudia kuwa hakuwahi kuambiwa hata neno la kuchukizwa. Shamba linalomzuia mwanafunzi asisome siyo malezi. Na sheria ya nchi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14.

KONDOO AKIPOTEA

Wengine huzuia haki ya mchungaji kwa kuwa kondoo amepotea au amefia malishoni. Mchungaji ni amini. Hatalipa ila akifanya uzembe au akivuka mipaka, kama kulala na kuwaacha wakaingia katika mpunga wa watu. Kupotea peke yake si dalili ya uzembe, na kumkata ujira bila ya dalili ni kula mali ya mtu kwa batili.

NINI KIFANYIKE

Njia ya kusalimika ni nyepesi. Anayetaka kujitolea kwa ajili ya Allah aseme hivyo wazi, na mwenye mali amkirimu kama mgeni. Asiyejitolea, wataje muda, kazi, saa za kupumzika na kuswali, na ujira wa kiasi kinachojulikana, hata kama ni kidogo. Kisha chakula na malazi viwe ihsani juu yake. Wakitaka ujira uwe mnyama, wamtaje aliye hai na waliyemuona. Waandike na washuhudishe.

Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa Allah Mwenyewe atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Imepokewa na Bukhari. Kijana aliyeondoka shambani kimya, mkono mtupu, hana wakili mahakamani. Lakini kesi yake haijafungwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe riziki ya halali na atuepushe na dhulma. Amin. Wallahu a'lam.