Filta ya Oili ya Subaru: Usitazame Rangi, Tazama Tumbo

Ukipita Buruburu, Umoja au Donholm jioni, utazisikia kabla hujaziona. Mngurumo wa Impreza na Forester za turbo umekuwa sehemu ya mitaa ya Eastlands, kama zilivyo matatu za Jogoo Road. Mapenzi haya yana mizizi. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Impreza vilevile. Waliokuwa watoto siku zile ndio leo wanaoagiza magari hayo kutoka Japani, yakashushwa bandarini kwetu Mombasa kisha yakapandishwa bara.

Mimi ni Mpwani ninayeishi Buruburu, na gari langu ni Impreza WRX. Jamaa zangu wa Likoni na Kisauni wenye Subaru huniuliza swali moja: kwa nini filta moja ya oili iuzwe mara tatu ya bei ya nyingine, na zote zinaingia palepale? Jibu halimo kwenye rangi ya kopo, limo tumboni.

Tuanze na kazi yake. Pampu husukuma oili iingie kwenye filta kupitia vile vitundu vidogo vilivyozunguka mdomo. Oili hupenya karatasi yenye mikunjo kutoka nje kwenda ndani, uchafu ukabaki, kisha ikatoka kwa tundu kubwa la katikati na kurudi kulainisha injini. Turbo nayo hutegemea oili hiyo hiyo, na shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Gari la kawaida laweza kuvumilia oili chafu kwa muda. Turbo haina subira hiyo.

Ili nijionee, nilimpa fundi mmoja wa jua kali pale Kariobangi Light Industries filta tatu mpya azipasue: moja halisi ya Subaru, moja ya kampuni nyingine inayojulikana, na moja ya bei ya chini iliyobandikwa nembo ya Subaru. Kwa nje zilikaribia kufanana. Kwa ndani zilitofautiana katika mambo manne.

La kwanza ni karatasi. Vumbi linalokula beringi ni dogo mno, maikroni 10 hadi 20, ilhali unywele wa binadamu ni kama maikroni 70. Karatasi nzuri ina mikunjo iliyopangwa sawa na imegundishwa barabara kwenye vifuniko vyake. Ya bandia ilikuwa na mikunjo michache iliyolala upande, na gundi ilikuwa imeachia mahali pamoja. Oili hufuata njia nyepesi. Ikipata mwanya, haitapita kwenye karatasi.

La pili ni vali ya dharura. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi ya asubuhi, vali hii hufunguka ili injini isikose oili, hata kama ni chafu. Kwenye injini za Subaru za aina ya EJ, vali imepangwa ifunguke kwa msukumo wa takriban pauni 23 kwa inchi mraba. Filta nyingi za magari mengine hufunguka kwenye 12 hadi 15. Ukifunga yenye springi dhaifu, vali itafunguka mapema na oili isiyochujwa itaendelea kuzunguka nawe hujui.

La tatu ni mpira wa kuzuia oili isirudi kwenye sampu gari likizimwa. Ulio bora ni wa silikoni, haukauki upesi kwa joto. Hapa jua injini yako. Kwenye EJ filta huning'inia chini, mdomo juu, kwa hiyo haimwagiki kirahisi. Kwenye injini mpya za FB na FA filta imekaa juu ya injini, imepinduliwa. Mpira ukiwa mgumu, filta hubaki tupu usiku kucha, na asubuhi injini huwaka ikiwa kavu kwa muda.

La nne ni hesi za mdomo. Filta za EJ zina hesi ya milimita 20. Filta nyingi za Toyota zina hesi ya robo tatu ya inchi, ambayo ni milimita 19 na kitu. Macho hayaoni tofauti hiyo, na fundi mwenye haraka anaweza kuilazimisha. Linganisha namba iliyo kwenye kopo na ya gari lako, usikubali kuambiwa "zote ni moja".

Ile ya kampuni nyingine haikuwa mbaya hata kidogo. Karatasi yake ilikaribia ya Subaru. Kwa hivyo simwambii mtu anunue nembo. Bei kubwa si ushahidi, wala vifuniko vya kadibodi peke yake si kosa. Tafuta kipimo cha uchujaji kwa kiwango cha ISO 4548-12. Filta iliyoandikwa asilimia 99 kwa maikroni 20 imekueleza jambo. Iliyoandikwa "ubora wa juu" haijakueleza kitu.

Jirani yangu alinunua Forester ya turbo kwa mkopo wa sacco. Injini ilinoki, na filta ilipopasuliwa karatasi ilikuwa imechanika. Gari sasa limesimama uani, na mkopo bado analipa. Alikuwa ameinunua kwa mchuuzi aliyemfuata hadi gereji. Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nunua duka litakaloandika risiti. Kwa foleni za Jogoo Road na Outer Ring injini hufanya kazi huku kilomita hazisongi, basi usingoje zaidi ya kilomita 5,000. Na kila ukibadilisha, mwambie fundi akupasulie ile kuukuu, utandaze karatasi juani. Ukiona vipande vinavyometameta kama mapambo, beringi zinalika, na hapo gari halifai kuendeshwa tena hadi ijulikane zinalika wapi.