Fuko wa Amerika ya Kaskazini

Fuko wa Amerika ya Kaskazini ni mamalia wadogo wa familia Talpidae wanaoishi chini ya ardhi katika Kanada, Marekani na kaskazini kwa Meksiko. Kwa kawaida huhesabiwa spishi 7. Wasichanganywe na fuko wa Afrika ya Mashariki, ambao ni wagugunaji na hula mizizi na viazi. Hawa ni jamaa za kirukanjia na kalunguyeye, na chakula chao ni nyungunyungu, mabuu ya mbawakawa na wadudu wengine. Wanafanana kwa sababu ya maisha ya udongoni tu, si kwa ukoo.

Makazi

Fuko huchagua udongo kabla ya kitu kingine chochote. Hupenda udongo laini wenye unyevu, ambao una nyungunyungu wengi na ambao njia zake hazibomoki. Huepuka mawe, mchanga mkavu na mfinyanzi mgumu. Fuko wa mashariki (Scalopus aquaticus) huonekana katika mashamba, misitu na bustani za nyasi kutoka Massachusetts hadi Texas. Jina lake la kisayansi, alilopewa na Linnaeus mwaka 1758, lina maana ya “wa majini”, lakini si mnyama wa maji hata kidogo. Jina hilo lingemfaa zaidi fuko pua-nyota (Condylura cristata), anayekaa kando ya vinamasi na vijito, huogelea vizuri na kuwinda hata chini ya barafu. Pua yake ina vidole 22 vya nyama anavyotumia kupapasa mawindo.

Uchimbaji

Mikono ya fuko ni mipana kama sepetu, na viganja vimegeuka nje. Hasukumi udongo chini ya tumbo kama mbwa afukuavyo, bali huutenga kando kama mtu anayeogelea. Manyoya yake mafupi hulala upande wowote, kwa hiyo anaweza kurudi kinyumenyume bila kukwama. Macho ni madogo sana. Yale ya fuko wa mashariki yamefunikwa na ngozi.

Njia zake ni za aina mbili. Zile za juu huinua nyasi na kuacha tuta jembamba. Hutumika kutafuta chakula, na nyingine huachwa baada ya kupitiwa mara moja. Njia za chini ni za kudumu, na huko ndiko kwenye kiota cha majani makavu. Udongo wake hauna pa kwenda ila juu, ndiyo maana vichuguu hutokea. Fuko halali usingizi wa majira ya baridi: ardhi ikiganda au ikikauka, huwafuata nyungunyungu chini zaidi.

Fuko na watu

Wakulima wengi humlaumu fuko kwa mizizi iliyotafunwa, lakini mara nyingi walaji ni panya wadogo wanaopita katika njia zake. Hasara yake halisi ni vichuguu, hasa vya fuko wa Townsend (Scapanus townsendii), mkubwa kuliko wote wa bara hili, katika malisho ya ng'ombe ya Oregon na Washington: hufunika majani na kuchafua nyasi zinazovunwa. Huko hutegwa kama msumbufu. Ng'ambo ya mpaka, Kanada, spishi hiyohiyo huishi katika eneo dogo tu la British Columbia na imeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka.